Farasi Asiyefika Kwihara

Farasi wawili aliotoka nao mwandishi wa habari Henry Morton Stanley Bagamoyo mwezi Machi 1871 hawakuiona Unyamwezi. Mmoja alikuwa zawadi ya Sultani Barghash wa Unguja, wa pili alipewa na mfanyabiashara wa Kimarekani aliyekaa Unguja, na wote wawili walikufa Kingaru, mwendo wa siku chache kutoka pwani, wakipishana kwa saa tu. Stanley akaamuru mzoga wa kwanza ufukiwe. Mkuu wa kijiji akaja na dai lake: mnyama amezikwa katika ardhi yake bila ruhusa, basi faini ya nguo itolewe. Stanley akajibu kwamba kama shauri ndilo hilo, vijana wake watamfukua farasi na kumwacha palepale alipoangukia. Mkuu akaona heri yaishe. Kisa hiki kinachekesha, lakini kinatuambia pia njia ile ilikuwa ya namna gani. Kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, utemi wa Tabora, palikuwa na mwendo wa kilomita zipatazo 800, na mbung'o, minyoo na maji mabaya havikumwachia farasi nafasi. Hata punda wa Stanley wengi waliishia njiani. Kilichofika Kwihara kilifika juu ya bega la mpagazi, au kwa miguu yake chenyewe.

Na bado farasi walitoka huko. Kwihara, kijiji cha matembe kilicho kilomita chache kusini-magharibi mwa Tabora, ndipo alipokaa Said bin Salim, liwali wa Sultani katika Unyanyembe, na ndipo misafara ilipotua mizigo, ikalipa wapagazi na kutafuta wengine. Pembe za ndovu za Manyema, Uvinza na nchi za ziwani zilipita katika uwanda ule zikienda Bagamoyo, Unguja, Bombay, London na miji ya Marekani, kugeuzwa vitana, mipira ya biliadi, vinanda na vitu vya mchezo. Matumizi hayo ya mwisho ni ya kale kuliko watu wanavyodhani. Al-Masudi, aliyesafiri mwambao wa Zanji mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwamba pembe za huku zilipelekwa Oman, kisha India na China, na kwamba India kazi kubwa ya pembe ilikuwa kuchonga vipande vya sataranji na vya nardi. Miaka zaidi ya 900 baadaye, mwaka 1849, kampuni ya Jaques ya London ilianza kuuza seti za sataranji za muundo wa Staunton, na zile za bei ya juu zilikuwa za pembe, nusu zikiachwa nyeupe, nusu zikitiwa rangi nyekundu. Sidai kwamba kuna farasi fulani wa mezani aliyetoka kwenye jino lililopita mbele ya tembe la Kwihara, hilo halithibitiki. Ninachosema ni kwamba biashara ile ilikuwa moja, na kwamba nchi isiyoweza kumlisha farasi ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa mali ya kumchongea.

Nimemleta farasi wa mezani kwa sababu naamini anatusaidia kujibu swali moja la historia ya Kwihara ambalo kwa kawaida hujibiwa vibaya. Tarehe 22 Agosti 1871 Mirambo, mtemi wa Urambo, aliingia Tabora na ruga-ruga, wapiganaji wake, pamoja na Watuta waliokuwa washirika wake. Alichoma sehemu ya mji, akateka pembe na ng'ombe. Khamis bin Abdullah, mmoja wa Waarabu wakubwa wa mji, alitoka kumkabili na watu wachache, akauawa. Wakimbizi walimiminika Kwihara. Huko Stanley alikuwa ametoboa matundu ya bunduki katika kuta za tembe lake, amebomoa vibanda vilivyoweza kumficha adui, ameingiza chakula na maji, amepandisha bendera ya Marekani na kukusanya watu wapatao 150 wenye silaha. Akangoja. Mirambo hakuja. Kwa nini? Msomaji wa kitabu alichochapisha Stanley mwaka 1872 huondoka na jibu la kimyakimya: mshambuliaji aliogopa ngome iliyojiandaa, au alitosheka na ngawira kama mnyang'anyi yeyote. Majibu yote mawili yanamchukulia Mirambo kuwa mtu wa kushambulia. Mimi naona kinyume chake. Katika vita vile Mirambo ndiye aliyekuwa mlinzi, na alicheza kama anavyopaswa kucheza mwenye farasi mmoja dhidi ya vitunda vinavyokwenda mbele. Kutokwenda Kwihara kulikuwa sehemu ya ulinzi huo.

Kwa wasioujua mchezo, maelezo machache yatosha. Kitunda ni askari wa mbele: hukwenda mbele tu, harudi nyuma, na akifika safu ya mwisho hugeuka kuwa malkia. Kitunda huru ni kile ambacho hakina kitunda cha adui mbele yake wala katika mistari miwili ya jirani; kimebakiza kutembea tu. Mwisho wa mchezo, wakati vipande vingi vimekwisha kuondoka, mara nyingi mtu hubaki na farasi mmoja wa kukizuia. Farasi ana sifa mbili zinazopingana. Anaruka juu ya wengine, na hakuna kipande kinachoweza kujikinga naye kwa kuweka kitu katikati. Lakini ni wa karibu. Akiwa katikati ya ubao anatawala miraba 8. Akisukumwa pembeni hubaki na 4 au 3. Kwenye pembe hubaki na 2. Kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala huhitaji miruko 6. La ajabu zaidi, mraba unaogusana naye ubavu kwa ubavu, ule ambao mfalme angeufikia kwa hatua moja, yeye humchukua miruko 3. Jirani yake ndiye wa mbali. Tena hawezi kupoteza zamu: kila mruko humtoa kwenye weupe na kumtia kwenye weusi, kwa hiyo hana njia ya kurudi alipokuwa huku akimwachia mwenzake zamu mbaya. Mlinzi mwenye farasi huishi kwa hesabu. Kila mruko usio wa lazima ni deni, na kitunda hakisubiri.

Hesabu hizo zina historia, nayo inahusika na hoja hii kuliko inavyoonekana. Mabingwa wa Baghdad wa karne ya 9, al-Adli mbele yao, walikwisha kuchambua mapambano ya mwisho ya farasi, na uchambuzi wake mmoja wa ngome dhidi ya farasi unasimama hadi leo. Lakini katika sataranji ya Waarabu kitunda kilichofika mwisho kiligeuka kuwa firzani tu, mshauri dhaifu anayekwenda hatua moja kwa mshazari. Kumruhusu apite ilikuwa hasara, si maangamizi. Mwishoni mwa karne ya 15, huko Hispania na Italia, firzani akageuzwa malkia mwenye kukata ubao mzima. Kitunda kilikuwa kilekile, hatua zake zilezile. Kilichobadilika ni kile kinachokingoja mwisho wa safari. Tangu hapo kazi ya farasi anayezuia imekuwa ya kufa na kupona.

Hilo ndilo lililotokea katika njia ya Unyamwezi, na ndilo hunifanya nione kwamba mlinganisho huu si pambo. Wanyamwezi hawakungoja Waarabu wawafungulie njia. Misafara yao wenyewe ilikuwa ikishuka pwani na pembe, chumvi na majembe ya chuma kabla nyumba za wafanyabiashara wa pwani hazijasimama Kaze, mahali ambapo leo ni Tabora, kuanzia miaka ya 1850. Katika enzi hiyo ya mwanzo msafara uliopita katika nchi ya mtemi uliacha hongo, yaani ushuru wa njia, na kwenda zake, na mtemi jirani hakugeuka jitu kwa sababu ya msafara mmoja. Kisha bei ya pembe ikapanda, na kilichokuwa kikirudi kutoka pwani hakikuwa tena nguo na shanga pekee, bali bunduki na baruti. Msafara uliofika salama kwa hasimu wako ulimfanya hasimu huyo kuwa na nguvu mpya kabisa katika msimu mmoja. Kitunda kimeanza kugeuka malkia. Mtemi ambaye babu yake aliangalia misafara ikipita sasa alilazimika kuuliza kila mmoja: unakwenda kwa nani?

Mirambo alikuwa na sababu za kuuliza. Fundikira wa Unyanyembe alipofariki mwaka 1858, Manwa Sera alishika utemi na kutaka wafanyabiashara wa Kaze walipe ushuru. Wao wakamwondoa na kumweka Mkasiwa. Manwa Sera aliendelea kupigana vichakani kwa miaka. Snay bin Amir, yule aliyewakaribisha wapelelezi Burton na Speke mwaka 1857, aliuawa katika vita hivyo, na Manwa Sera mwenyewe akauawa mwaka 1865. Funzo lilikuwa wazi kwa kila mtemi mdogo wa magharibi: Kaze haikuwa tena mgeni anayelipa, ilikuwa mfanya watemi. Urambo iko kama kilomita 90 magharibi mwa Tabora, juu kabisa ya njia iliyonyooka kwenda Ujiji. Kwa simulizi la Stanley, katikati ya mwaka 1871 Mirambo aliuzuia msafara uliokuwa ukielekea Ujiji, akadai marobota 5 ya nguo, bunduki 5 na mapipa 5 ya baruti. Alipokwisha kupewa, akauambia urudi ulikotoka. Waarabu waliona hapo udanganyifu mtupu. Udanganyifu ulikuwapo, sikatai, na mpagazi aliyerudishwa na mzigo wake hakuwa na haja ya kuambiwa falsafa. Lakini tazama alichofanya: hakuufuata msafara, hakuusaka. Alikaa njiani mbele yake na kusema hapapitiki.

Aron Nimzowitsch, mzaliwa wa Riga aliyeandika juu ya sataranji katika miaka ya 1920, alishikilia kwamba farasi ndiye kizuizi bora cha kitunda huru, na sababu aliyotoa inafaa kurudiwa hapa. Kipande kingine kikisimamishwa mbele ya kitunda kinakuwa mfungwa wa kazi yake. Nguvu zake zimezibwa na kile anachokizuia. Farasi akikaa hapo nguvu zake hazizibwi, kwa sababu shambulio lake linaruka juu ya kitunda na kutua nyuma yake. Anazuia na kutisha kwa wakati mmoja. Urambo ilikuwa mraba wa aina hiyo. Mtemi aliyeketi hapo alikula hongo ya njia ileile aliyoifunga, alipata bunduki kutoka kwa watu walewale aliowazuia, na vikosi vyake viliweza kutokea mashariki ya misafara iliyodhani imemwacha mbele.

Wakuu wa Unyanyembe waliamua kumng'oa. Jeshi la zaidi ya watu 2,000 lilitoka mwanzoni mwa Agosti, Stanley akiwa ndani yake, homa imempata. Lilichukua kijiji cha Zimbizo kwa urahisi. Kisha Soud bin Sayd bin Majid, kijana shujaa, akaongoza watu wapatao 500 hadi Wilyankuru, mahali alipokuwa Mirambo mwenyewe, akaingia. Ndani palikuwa na pembe zaidi ya 100 na mateka wengi. Kilichofuata kimesimuliwa mara nyingi, lakini nadra kutazamwa kwa utulivu. Mirambo alitoka kijijini na watu kama 400, na badala ya kukimbilia mbali akajilaza katika majani marefu kando ya njia ya kurudia. Washindi walipopita wamelemewa na ngawira, majani yakasimama. Soud akafa, na Waarabu wenzake waliokuwa naye wote wakafa. Habari zilipofika Zimbizo jeshi zima lilivunjika na kukimbilia Mfuto. Mlinzi alikuwa ameacha kijiji, pembe na mateka, mali ambayo mnyang'anyi asingeiacha bila kupigania mlangoni, ili apate mruko mmoja mfupi wa pembeni kwa wakati unaofaa. Mchezaji wa sataranji ataitambua tabia hiyo: farasi hana haja ya kulinda mraba alipo, ana haja ya kujua atatua wapi baada yake.

Sasa tunaweza kurudi tarehe 22 Agosti. Baada ya Wilyankuru jeshi la adui lilikuwa limetawanyika, si kumalizika; kama wangepewa mwezi, wakuu wa Tabora wangekusanya watu tena. Shambulio juu ya Tabora, kwa hesabu ya mlinzi, ni kama farasi kumpa mfalme shaha: halikusudii kumuua, linamlazimisha ajibu, na wakati anajibu kitunda hakisogei. Kama lengo ni hilo, basi lilikwisha kutimia saa moshi ulipopanda. Kila bunduki iliyokuwa Unyanyembe ilirudi kulinda nyumba yake, na hakuna aliyefikiri tena kuhusu njia iliyonyooka ya Ujiji msimu ule. Kwihara ilikuwa karibu, mwendo mfupi kwa miguu, na ukaribu huo ndio unaotudanganya. Tembe lenye kuta nene za udongo na bunduki ndani yake si kitu kinachoingilika kwa mbio za ruga-ruga. Lingehitaji siku za kuzingira, maji, chakula na watu wa kupoteza. Ule ndio mraba wa ubavuni, unaoonekana kwa macho na unaohitaji miruko mitatu. Watuta walikuwa washirika wa ngawira, si wa kuzingira. Nyuma yake, kilomita 90, Urambo ilikuwa wazi. Mirambo alitua kidogo Kazima, nje ya mji, kisha akarudi magharibi. Stanley alibaki na matundu yake ya bunduki bila wa kumlenga, na nadhani kidogo aliudhika.

Ushahidi ulio bora zaidi wa usomaji huu unatoka katika kile ambacho Mirambo alishindwa kukizuia. Mwenye farasi huogopa kitunda cha ubavuni kuliko vyote. Katikati ya ubao farasi anaweza kuzunguka kitunda kilichofika hata safu ya saba, akakirudia kwa mizunguko na vitisho. Kitunda cha mstari wa pembeni kikifika huko, farasi hujikuta amebanwa pembeni, nusu ya miruko yake iko nje ya ubao, na mfalme wa adui anakuja kumchukua kwa mkono. Tarehe 20 Septemba 1871 Stanley aliondoka Kwihara na watu wasiozidi 60, na hakuelekea magharibi. Alikwenda kusini, Ugunda, mto Gombe, akazunguka mbali kabisa na Urambo kisha akapanda kaskazini kuvuka Malagarasi. John Shaw, mwenzake, alishindwa na ugonjwa akarudishwa Kwihara, na huko akafa. Safari ilikuwa ndefu na ya maasi, lakini kwa tarehe za Stanley mwenyewe alifika Ujiji tarehe 10 Novemba na kumkuta David Livingstone, mpelelezi aliyekuwa akimtafuta. Wawili hao walirudi Kwihara tarehe 18 Februari 1872 kupitia kusini vilevile. Stanley alipokwenda zake pwani mwezi Machi, Livingstone alibaki katika tembe akingoja wapagazi, miezi mitano ya kuandika juu ya vita vya Mirambo visivyokwisha. Walipofika mwezi Agosti, yeye naye akashika kusini-magharibi. Mpelelezi Verney Lovett Cameron, aliyekuwa Unyanyembe mwezi Oktoba 1873 wakati Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, walipoleta mwili wa bwana wao, alizunguka kusini pia na kufika Ujiji Februari 1874. Misafara mitatu ya kumbukumbu, na yote ilipita ubavuni. Njia ya katikati ilikuwa imefungwa kweli, na mfungaji hakuwa na uwezo wa kuifunga ya pembeni.

Hapa mtu atasimama na kusema: unamtakasa mshindi. Mirambo aliteka vijiji, aliuza watu, na kufikia mwaka 1880 nchi zilizomtii zilikuwa nyingi kupita alizorithi. Mlinzi gani hukua? Pingamizi hili lina uzito, na kwa sehemu nalikubali. Mirambo wa kusini na kaskazini, aliyepigana na watemi wadogo, hakuwa akilinda chochote ila tamaa yake. Lakini neno mlinzi katika sataranji halina maana ya mwema. Lina maana ya yule ambaye sare inamtosha na ambaye wakati unamfanyia kazi mwenzake. Dhidi ya Unyanyembe hali yake ilikuwa hiyo. Nyuma ya Tabora palikuwa na Unguja, nyuma ya Unguja fedha za wafanyabiashara wa Kihindi na bei za Ulaya; Tabora ikichomwa ilijengwa tena, naye akichomwa mara moja tu amekwisha. Ndiyo maana hakujaribu kuishika Tabora siku ile ilipokuwa mikononi mwake, na ndiyo maana vita viliisha kwa maelewano ya misafara kulipa na kupita. Stanley alipokutana naye Aprili 1876 na kuchanjiana naye udugu, hakukuta mtu aliyeshindwa wala mtu aliyeiteka Unyanyembe. Alikuta sare, na mwenye sare alikuwa ametulia.

Pingamizi la pili ni la heshima zaidi: kwa nini sataranji, mchezo wa mabaraza ya pwani na Uarabuni, wakati Unyamwezi ina bao lake, na Wasukuma, ndugu zao wa kaskazini, wana isolo? Jibu langu ni kwamba kila mchezo unaona kitu kimoja vizuri. Bao linaona kile ambacho sataranji haikioni kabisa. Katika sataranji kipande kilicholiwa kimetoka duniani. Katika bao kete zilizoliwa hazifi. Hupandwa upande wa aliyezila na kuanza kumpigania. Hivyo ndivyo jeshi la Mirambo lilivyokua: vijana waliotekwa, waliokimbia mabwana, waliopotelewa na koo zao, wote wakawa ruga-ruga. Anayetaka kueleza idadi ya watu wake achukue bao. Lakini bao halina njia. Kete huzunguka, hazifiki mahali. Hakuna safu ya mwisho ambayo ukiivuka unageuka mwingine. Vita vya 1871 vilikuwa juu ya njia na juu ya kile kinachongoja mwisho wake, na kwa hilo ubao wa miraba 64 unafaa kuliko ubao wa mashimo 32.

La tatu ni kwamba nia ya mtu haisomeki katika nyayo zake. Ni kweli. Hata hivyo hatuna nyayo tu. Katika miaka ya baadaye Mirambo alituma barua kwa balozi wa Uingereza huko Unguja, na kuanzia mwaka 1879 alimkaribisha Urambo mmishonari daktari Ebenezer Southon, aliyekaa naye hadi Southon alipofariki mwaka 1882. Sera yake katika miaka hiyo ilikuwa moja: afike pwani kwa mlango wake mwenyewe, azungumze na Unguja na Wazungu bila kupitia Tabora. Huyo ni mtu aliyeelewa mahali alipoketi. Angetaka ngawira tu, asingehitaji daktari wala karani.

Kosa lake kubwa nalo linakaa upande wa hoja hii. Mwezi Juni 1880 watu wake walikuwa wakipigana Mpimbwe, mbali kusini, katika ule ubavu usio wake, na humo waliwaua Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliokuwa katika safari iliyogharamiwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mirambo alijitetea kwamba hakujua. Pengine ni kweli. Farasi aliye pembeni huona miraba michache. John Kirk, balozi aliyekuwa akianza kumwona kama mtu wa kushirikiana naye, alimfungia mlango, na kile alichokijenga kwa miaka tisa ya kukaa katikati kilipotea katika kijiji kimoja cha pembeni. Alifariki mwezi Desemba 1884, na dola yake ikaanza kuvunjika mara.

Wajerumani walipokuja hawakuhangaika na ubavu. Tembe la Kwihara lilibaki kijijini, likaanguka, likajengwa upya mwaka 1957 kuwa kumbukumbu ya Livingstone, na wageni huonyeshwa mahali alipoketi akingoja wapagazi. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912. Kutoka hapo ilinyooka magharibi kama inavyokwenda ngome katika mstari usio na mtu, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Haikuzunguka Ugunda wala Gombe. Ilipita Urambo, na huko ikajengewa stesheni.